Mchezo wa Nje ni Darasa la Kwanza

Wazazi wetu wengi hufurahi wamwonapo mtoto wa miaka mitano ameketi kimya na daftari lake, na hukasirika wakimkuta mchangani chini ya mkorosho. Yule wa kwanza husifiwa kuwa anasoma. Huyu wa pili huambiwa anapoteza wakati. Mimi nafundisha Fizikia, na kila mwaka napokea vijana wa Kidato cha Kwanza kutoka pande za Masasi na Newala. Nimeona jambo ambalo napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu. Mara nyingi kijana aliyecheza sana nje utotoni, akatengeneza vitu kwa mikono yake, huja darasani akiwa na nusu ya somo. Aliyezoezwa kuimba herufi tu huja na maneno, lakini hajui yanasema nini.

Huko Ulaya ya kaskazini mchezo wa nje umefanywa kuwa shule kamili, iitwayo shule ya msituni. Nchini Sweden, mwaka 1957, Gösta Frohm alianzisha mafunzo ya kuwatembeza watoto wadogo msituni, wakiongozwa na kiumbe wa hadithi aitwaye Skogsmulle. Nchini Denmark zipo shule za watoto ambao hushinda porini, mvua inyeshe au baridi iwe kali. Mwaka 1993 watu wa chuo cha Bridgwater, Uingereza, walikwenda Denmark kuzitazama, na waliporudi kwao wakaanzisha ya kwao. Katika shule hizo mtoto hupanda miti, hujenga kibanda na kuchimba matope. Mwalimu yu karibu naye, lakini hutazama zaidi kuliko kusema.

Tusidhani kuwa jambo hili ni geni kwetu. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alifika Masasi na Newala kuchunguza maisha ya wenyeji. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1908 alieleza pia michezo aliyoiona: pia za kuzungusha, makombeo, kutembea juu ya miti mirefu, hata simu ya uzi. Watoto wa siku zile hawakuonyeshwa vitu hivyo ubaoni. Mdogo alimtazama mkubwa, akajaribu, akakosea, akajaribu tena.

Natwae mifano mitatu, tuone mafunzo yaliyofichika katika mchezo.

Kwanza, simu ya uzi. Chukua makopo mawili, toboa kila moja katikati ya kitako, pitisha uzi mrefu na ufunge fundo kwa ndani. Mmoja aseme ndani ya kopo lake, mwenzake aweke la pili sikioni. Uzi ukikazwa, sauti hufika. Ukilegea, hunyamaza. Mtu akiushika katikati kwa vidole, sauti hukatika. Mtoto wa miaka sita huyagundua yote haya kabla ya saa moja kwisha. Miaka minane baadaye mwalimu akisema kuwa sauti ni mtetemo unaopita katika kitu, kijana huyo hakariri, anakumbuka.

Pili, maji. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake, kwa sababu mchanga wake hunyonya mvua mara inapoanguka. Ndiyo maana zamani mama zetu walishuka mabonde marefu kwenda kuteka maji, wakapanda tena na mitungi kichwani. Mtoto wa Newala akichimba mfereji mdogo mchangani na kumimina kata moja ya maji, atayaona yakitoweka. Mwenzake wa Masasi, akimimina kata ile ile juu ya mwamba chini ya vilima vya Mtandi au Mkomaindo, atayaona yakiteremka mbio. Waulizeni kwa nini, nao watabishana. Ubishi huo ndio mwanzo wa Jiografia.

Tatu, hesabu. Watoto hupanga korosho mstari mmoja na kuzilenga kwa zamu. Aliyeanza na saba akapoteza tatu hahitaji kuambiwa kuwa amebakiwa na nne. Anajua, tena kwa uchungu! Kadhalika hujifunza kungoja zamu, kukubali kushindwa na kumaliza ugomvi pasipo kumwita mkubwa. Na mtoto atembeaye na bibi yake porini hujifunza majina ya miti, lipi tunda la kuliwa na lipi la kuachwa. Majina hayo mengi hayamo vitabuni. Watoto wa leo wasipoyapata kwa wazee, yatazikwa pamoja nao.

Wazazi watauliza, "Je, hatari?" Hatari zipo, na yafaa zitajwe. Mtoto asiachwe peke yake vichakani, maana kuna nyoka na upupu. Afundishwe kutotia mdomoni korosho mbichi yenye ganda, kwa kuwa mafuta ya ganda huunguza. Wakati mikorosho inapopulizwa salfa kwa ajili ya ubwiriunga, watoto wasipelekwe shambani kabisa. Viatu vivaliwe na mikono inawiwe kabla ya kula. Lakini mtoto asiyepewa nafasi ya kukutana na hatari ndogo mbele ya mkubwa atakutana na kubwa akiwa peke yake.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima kabla ya Darasa la Kwanza. Ni jambo jema sana. Basi mwaka huo usiwe wa kuwakalisha wadogo zetu ndani asubuhi hadi mchana, wakifuatisha ubao. Shule zetu nyingi zina uchache wa madawati na vitabu, lakini mchanga, vivuli na mawe havinunuliwi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nasi tumkunje kwa kumpa kazi ya mikono na akili, si kwa kumnyamazisha.

Kazi ya likizo kwa wanafunzi wote:

1. Mfundishe mdogo wako kutengeneza simu ya uzi. Usimweleze kwa nini inasema. Mwache akueleze yeye.

2. Mwombe mzee wa nyumbani akutajie majina kumi ya miti ya kwenu na kazi ya kila mmoja. Yaandike.

3. Tazama mchezo mmoja wa watoto wadogo kwa nusu saa, kisha andika ni somo gani la darasani ulilolikuta ndani yake.

Madaftari yaletwe juma la kwanza la muhula ujao. Nitayasoma yote.