SOMO: KUSHUSHWA NA KUNYENYEKEA
Soma: Wafilipi 2:3-8



Wengi wetu tumeshushwa. Tuliacha mashamba, nyumba na vyeo. Leo tunapanga mstari kungoja mgao. Je, huo ndio unyenyekevu? Hapana. Kushushwa hufanywa na watu. Kunyenyekea ni hiari ya moyo. Yesu hakunyang'anywa utukufu wake. Aliuacha mwenyewe ili atutumikie.

Mkumbukeni Kabalega, Omukama wa Bunyoro. Waingereza walimkamata mwaka 1899, wakampeleka uhamishoni Shelisheli. Ufalme alinyang'anywa kwa nguvu. Lakini ubatizo aliupokea huko huko, akaitwa Yohana: mfalme chini ya maji yale yale anayobatizwa mtoto wa maskini. Alifariki hapa Mpumudde, Jinja, Aprili 1923, akiwa njiani kurudi kwao.

Ndugu, mtu aliyepoteza vyote aweza kubaki na kiburi: anadharau kabila la jirani, anagombana bombani na hataki kuomba msamaha.

Swali la nyumbani: Wiki hii nitamtanguliza nani?

Tuombe: Bwana, vita vilitushusha, wewe utufundishe kunyenyekea. Amina.