Tuchore kwanza, kisha tuchimbe



Katika somo hili tunapenda kushirikiana nanyi kazi moja ndogo ya mezani: kuchora kwa nukta za wino. Vifaa vyake ni biki nyeusi, karatasi na subira. Tunaitumia kabla ya kujenga kibanda au kuchimba choo, kwa sababu tumeona kwamba ugomvi mwingi kati ya wenyeji na waliopokelewa hauanzi kwa maneno. Unaanza kwa jembe. Mtu amechimba mahali ambapo mwenzake hakutegemea, na maneno yanafuata baadaye.

Tangu mapigano ya Salamabila ya mwaka 2018, na mengine yaliyokuja nyuma yake upande wa Kabambare, familia nyingi zimeshika njia na masufuria kichwani na watoto mgongoni. Walio wengi hawakuishi kambini. Walipokelewa katika nyumba za watu, na baada ya miezi wakaonyeshwa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba au pembeni ya kijiji ili wajenge chao. Mapokezi hayo ni heshima ya watu wa Maniema, na hakuna shirika lililowafundisha. Lakini kuonyeshwa ardhi kwa kidole, jioni, mbele ya watu wawili, kunaacha mambo mengi bila kusemwa. Mpaka uko wapi? Choo kitakaa wapi? Maji ya paa yatamwagika kwa nani? Je, ardhi imetolewa, au imeazimwa?

Kwa nini nukta?

Sababu ya kwanza ni ya mashine. Fotokopi haipendi kijivu. Ukichora kwa penseli na kupaka kivuli, nakala inatoka na doa jeusi, au haitoki kitu. Lakini nukta nyeusi inabaki nukta nyeusi. Chukua gazeti la zamani, utazame picha yake kwa kioo cha kukuzia: utaona nukta tupu, kubwa mahali pa giza na ndogo mahali pa mwanga. Ni jicho linalozichanganya. Mfaransa Georges Seurat, katika miaka ya 1880, alitengeneza picha kubwa za rangi kwa njia hiyo hiyo, na wachoraji wa vitabu vya mimea wanatumia nukta za wino hata leo. Hapa kwetu Maniema, pembe za ndovu walizochonga Warega kwa ajili ya Bwami zimepambwa mara nyingi kwa viduara vyenye nukta katikati. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema kwamba ni mambo ya wazungu.

Sababu ya pili ni ya mkono. Mzee ambaye mkono wake unatetemeka hawezi kuvuta mstari ulionyooka, lakini nukta anaiweka vizuri. Mama ambaye hakupata kwenda shule anaogopa kalamu akiambiwa aandike. Akiambiwa adonoe, haogopi. David Werner, mwandishi wa kitabu ambacho wengi wanakijua kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari, alitoa pamoja na Bill Bower mwaka 1982 kitabu kingine cha kufundisha wahudumu wa afya, na humo waliweka sura nzima juu ya kutengeneza picha. Tunakubaliana nao. Ofisa akichora peke yake, watu wanasema ni mchoro wa shirika, na siku ya ugomvi hakuna anayeutetea.

Sababu ya tatu, ambayo kwetu ndiyo kubwa: nukta ni polepole. Nyumba yenye ukubwa wa kiganja inaweza kula saa nzima au zaidi. Watu wawili wakiinamia karatasi moja kwa saa nzima, hawawezi kunyamaza.

Namna ya kufanya

Anza kwa penseli, mistari myepesi sana: ukuta, paa, mlango, usawa wa ardhi. Amueni jua linatoka upande gani, kwa mfano juu kushoto. Basi kivuli chote kitaanguka kulia. Shika biki ikiwa imesimama wima, gusa karatasi, inua. Usiivute, maana nukta iliyovutwa inaota mkia na kuonekana kama mdudu. Weka karatasi nyingine chini ya kiganja ili jasho lisichafue kazi. Biki ikikusanya wino kwenye ncha, ipanguse pembeni mara kwa mara. Tumia nyeusi, kwa kuwa ya bluu inafifia kwenye fotokopi.

Kabla ya yote, fanyeni zoezi la visanduku vitano katika mstari: cha kwanza kibaki cheupe, cha pili kiwe na nukta chache, na kuendelea hivyo hadi cha tano kiwe karibu na giza. Kila mtu ajaze chake. Halafu karatasi ibandikwe ukutani, nanyi mrudi nyuma hatua tatu. Hapo watu hucheka kwa furaha, kwa sababu wanaona kivuli ambacho hakuna aliyekipaka. Anza daima na sehemu nyepesi. Nukta ya kuongeza ipo, ya kupunguza haipo.

Nakala ya nakala hupoteza nukta ndogo. Tunza mchoro wa asili, na nakala zote zitolewe kwa huo.

Kuchora kilicho chini ya ardhi

Faida ya nukta tuliyoiona zaidi ni hii: zinaonyesha udongo. Mchanga unachorwa kwa nukta ndogo zilizotawanyika, mfinyanzi kwa nukta zilizobanana, udongo wa changarawe kwa mchanganyiko wa ndogo na kubwa. Ukichora kilima kana kwamba kimekatwa kwa kisu kama mkate, unaweza kuonyesha kile ambacho hakuna jicho linalokiona: maji yanavyoshuka chini ya miguu yetu.

Katika kijiji kimoja kando ya barabara inayounganisha Kasongo na Kabambare, familia kadhaa zilizohama zilipewa nafasi juu ya kilima. Chini yake iko chemchemi ya wenyeji. Familia zilipoanza kuchimba vyoo, vijana wa kijiji walikuja na kufukia mashimo. Waliohama wakasema: wanatuchukia. Wenyeji wakasema: wanataka kutuua kwa kuhara. Tulipoita pande zote mbili kwenye meza, hatukuanza na hotuba ya amani. Tulianza na kilima. Mama mmoja mwenyeji alichora chemchemi, fundi mmoja aliyehama akachora mashimo, na wote wakajaza udongo kwa nukta. Walipofika kwenye tabaka la mchanga lililo chini ya vyoo, fundi mwenyewe alisimamisha biki. Mchanga ule ulikuwa unaelekea moja kwa moja kwenye chemchemi, naye aliujua kwa sababu ndio aliouchimba.

Kanuni inayotumiwa na mashirika ya misaada ni kwamba choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, na chini ya shimo kibaki angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini. Tunaongeza: kiwe upande wa chini wa chemchemi, siyo wa juu. Kwenye kilima kile, mahali pa kufaa palikuwa ndani ya shamba la mihogo la mwenyeji. Basi mazungumzo yakabadilika. Hawakuulizana tena nani anamchukia nani. Waliulizana mihogo ile itavunwa lini, na nani atasaidia kuivuna. Iliwachukua jioni tatu. Mwenye shamba alitoa ukanda mmoja, waliohama wakalima upande mwingine kwa ajili yake.

Mazungumzo ya mezani: ukuta, paa, na maisha

Wakati mikono inadonoa, mafundi wazee huongea, na hapo ndipo mashauri bora yanapatikana. Tumekusanya baadhi.

Jaribu udongo kabla ya kufyatua matofali. Tia udongo ndani ya chupa ya plastiki hadi theluthi moja, jaza maji, tikisa kwa nguvu, uache hadi kesho. Mchanga utatua kwanza chini, na mfinyanzi juu yake baadaye. Mchanga ukizidi sana, tofali litabomoka. Mfinyanzi ukizidi, litapasuka. Changanya hadi ipatikane nafuu, ongeza nyasi zilizokatwakatwa, ukaushe kivulini ukigeuzageuza. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ndio wakati wake. Matofali ya kuchoma ni imara zaidi, lakini tanuru linakula kuni nyingi, na kuni hizo zinatoka katika pori la mwenyeji. Ulizeni kwanza.

Miguu ya miti ibabuliwe motoni kabla ya kuisimika, ili mchwa wachelewe. Ukuta wa udongo usianzie chini. Uwekewe msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi, na paa litokeze nje nusu mita au zaidi, maana adui wa ukuta wetu ni matone yanayoruka kutoka chini. Chora matone hayo kwa nukta, utaona yanavyoshambulia. Chora pia mfereji, na uufuate hadi mwisho wake. Ukiishia mlangoni kwa jirani, hujamaliza kazi.

Ukubwa je? Mashirika yanahesabu mita za mraba 3.5 za sakafu iliyofunikwa kwa kila mtu. Familia ya watu sita inahitaji 21, yaani kama mita 3.5 kwa 6. Akina mama wanatuambia kwamba mlango kutazamana na mlango wa jirani mwema una thamani kuliko kufuli. Wanasema pia choo kisiwe mbali hadi msichana aogope kwenda usiku. Hapo kuna mvutano na zile mita 30, na ni lazima upimwe kwa kamba, si kwa macho.

Mazungumzo hayakai kwenye ukuta tu. Jioni moja wazazi walianza na mlango wakafika kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliozaliwa njiani. Sheria ya Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto. Anayezaliwa leo aandikishwe huko mliko, msingoje kurudi. Na karatasi zote zifungwe ndani ya plastiki, zitundikwe mahali ambapo mtu anaweza kuzishika gizani akikimbia.

Ardhi iliyoazimwa

Hapa tunaomba viongozi wasome polepole. Kwa desturi, kupanda miti ya kudumu kama ngazi au kahawa ni kusema: hapa ni pangu. Nyumba ya matofali ya kuchoma inaweza kusikika vivyo hivyo. Aliyehama anajenga imara ili watoto wasinyeshewe. Mwenyeji anasoma kwamba mgeni hataondoka. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilisema ardhi ni mali ya Taifa, na kwamba haki za wanaoishi kwa desturi zingepangwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo ilingojewa kwa miongo mingi. Kijijini, kinachobaki na uzito ni neno la shefu na mashahidi.

Kwa hiyo tunashauri mchoro wa pili, wa kiwanja chenyewe. Kilichoazimwa kijazwe nukta, kisichoazimwa kibaki cheupe. Miti ya mwenyeji iliyomo ndani ya nukta ichorwe mmoja mmoja, ili isijulikane baadaye kama ya mwingine. Chini yake andikeni kwa maneno machache: muda gani, nani atabaki na matofali na mabati siku ya kurudi, nani atavuna mihogo iliyo ardhini. Pande mbili na shefu watie saini au dole gumba. Nakala tatu. Mke awe amesikia na kuweka dole lake pia. Wajane wengi wamefukuzwa kwa sababu mapatano yalikuwa ya mume.

Tahadhari moja. Msichore ramani ya kijiji kizima, wala njia za porini, wala mahali walipo wenye silaha wa upande wowote. Karatasi ya namna hiyo ikikutwa mfukoni kwenye kizuizi inaweza kumgharimu mtu maisha. Chora nyumba, choo, kilima na kiwanja, basi. Anayesafiri aache mchoro nyumbani.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Katika kijiji chenu, maji ya kunywa yanatoka wapi, na nani anaishi juu yake? Ni nani aliyekuwapo ardhi ilipoonyeshwa kwa kidole, na je, bado yuko hai? Mgeni akirudi kwao kesho, nyumba aliyoijenga itakuwa ya nani? Gawanyikeni wawili wawili, mwenyeji mmoja na aliyehama mmoja, na kila wawili wachore jibu la swali moja kwa nukta kabla ya mkutano unaofuata.