Safari ya Kujifungua Hupangwa Kabla ya Uchungu: Somo kwa Wazazi wa Soin na Nchi ya Chai

Mtu ashukaye kutoka mji wa Kericho kwenda Soin huyaacha mashamba ya chai pamoja na baridi yake, akaingia katika nchi ya joto, yenye mahindi na miwa, inayopakana na uwanda wa Nyando. Kwa msafiri mzima mteremko huo si kitu. Lakini kwa mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa mvua, wakati njia za udongo zinateleza na hospitali yenye chumba cha upasuaji iko juu mlimani, mteremko huo waweza kuwa mpaka kati ya uhai na mauti. Kwa hiyo somo letu la juma hili lawahusu akina mama waja wazito, na waume zao pia.

Yafaa kwanza tushukuru kwa maendeleo yaliyopatikana. Uchunguzi wa afya wa Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto 62 katika kila 100 walizaliwa mbele ya mganga, muuguzi au mkunga aliyefundishwa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wamefika 89. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba akina mama 355 hufariki kwa kila watoto 100,000 wazaliwao hai. Tena uchunguzi wa 2022 ulionyesha kuwa watoto 21 katika kila 1,000 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Wengi wa hao wangeweza kuokolewa.

1. KUCHELEWA KWA NAMNA TATU

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama hufikwa na mauti kwa kuchelewa kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni kuchelewa nyumbani, watu wakishauriana na kungojea mwenye neno la mwisho. Ya pili ni kuchelewa njiani, kwa kukosa chombo au nauli. Ya tatu ni kuchelewa kupata matibabu baada ya kufika hospitalini.

Ya tatu ni kazi ya serikali na waganga. Lakini ya kwanza na ya pili zaweza kupunguzwa na jamaa wenyewe. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Saa mbili hazitoshi kumtafuta mume aliye safarini, kukopa fedha kwa jirani, na kumwamsha mwenye pikipiki.

Basi mimba ikifika mwezi wa saba, mume na mke na wakaane wakubaliane juu ya mambo haya: mama atajifungulia wapi, nani atampeleka, na nani atashika nafasi yake asipopatikana, nani atabaki na watoto, na nani aweza kutoa ruhusa ya kuondoka ikiwa mume hayupo. Nauli iwekwe kando kidogo kidogo, maana akiba haiozi. Mama akaaye mbali na barabara, au aliyewahi kuzaa kwa upasuaji, au mwenye mimba ya mapacha, yafaa ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali majuma machache kabla ya siku zake. Zahanati ya karibu itamweleza ni hospitali ipi imfaayo, iwe ni ya Kericho, ya Kapkatet, au ya Longisa na Tenwek kwa watu wa Bomet. Kadhalika, tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF imeondolewa na mahali pake pamechukuliwa na SHA. Ni vema mama ajiandikishe mapema, asingoje siku ya uchungu.

2. MIEZI YA MIMBA

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mja mzito aonane na wahudumu wa afya mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya majuma 12 kwisha. Wengine husema, "Niende kufanya nini, nami sina ugonjwa?" Jibu ni kwamba maradhi mengine hayaumi mwanzoni. Shinikizo la damu hupanda kimya, na lisipopimwa laweza kuleta kifafa cha mimba. Kaswende na virusi vya Ukimwi huonekana kwa kupima damu tu. Na mama atumiaye dawa vizuri aweza kuzaa mtoto asiye na virusi hivyo. Huko kliniki hupewa pia chanjo ya pepopunda, ambayo humlinda yeye na mtoto.

Jambo la malaria lataka uangalifu hapa kwetu. Mwanamke aishiye juu kwenye baridi ya mashamba ya chai, akishuka Soin kwa wazazi wake ili ajifungue, huingia katika nchi yenye mbu wengi. Malaria humpunguzia mja mzito damu, na mtoto huweza kuzaliwa mdogo mno. Kwa hiyo alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na akipata homa asinunue dawa dukani bila kupimwa.

Wanawake wachumao majani ya chai wajue haki yao pia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Yampasa kumwarifu mwajiri kwa maandishi mapema, siku zisizopungua saba kabla ya kuanza likizo hiyo.

3. CHAI NA DAMU

Chai ndiyo mali yetu, wala hatusemi mama asinywe. Lakini chai inywewayo pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, ambayo ndiyo yaongezayo damu. Na mama mwenye damu kidogo, hata akipoteza damu isiyo nyingi wakati wa kuzaa, huwa hatarini. Basi vidonge vya kuongeza damu apewavyo kliniki avimeze kwa maji, si kwa chai wala maziwa. Chai na ingoje saa moja au mbili baada ya kula. Mnavu, mgagani, kunde, maharagwe, nyama na mayai vyote vyafaa sana.

4. DALILI ZA KUONDOKA MARA MOJA

Mja mzito aonapo mojawapo ya dalili hizi, asingoje asubuhi: kutokwa na damu, kuumwa na kichwa kwa nguvu au kuona kiwi, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, maji ya uzazi kutoka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Baada ya kuzaa, kutokwa na damu nyingi, homa, au usaha wenye harufu mbaya ni dalili za hatari vilevile.

5. SAA ZA KWANZA ZA MTOTO

Mtoto akizaliwa hukaushwa upesi, akalazwa juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, wote wawili wakafunikwa. Kifua cha mama ni joto lililo bora kuliko moto wa jikoni wenye moshi. Njia hii ilianza kutumiwa kwa watoto wadogo mno huko Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za kuwapasha joto hazikutosha. Leo yatumika ulimwenguni kote. Mtoto asioshwe mpaka saa 24 zipite.

Na anyonye kabla saa moja haijapita. Yale maziwa ya kwanza ya rangi ya manjano, yaitwayo dang'a, yasikamuliwe na kumwagwa, kwa maana yana kinga ya maradhi. Kwa miezi sita hahitaji maji, wala uji, wala maziwa ya ng'ombe.

Kitovu kiachwe kikavu na safi. Samadi, majivu na udongo visitiwe kamwe, maana huleta pepopunda. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio hutolewa mara baada ya kuzaliwa.

Mtoto asiyenyonya, anayepumua kwa haraka, aliye wa moto au baridi mno, mwenye degedege, au mwenye nyayo za manjano, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, akiwa amefungwa kifuani pa mama.

6. KUPUMZISHA MWILI

Mwili wa mama wahitaji kupumzika miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Mume na mke waulize pamoja kliniki juu ya njia za kupanga uzazi, wachague iliyowafaa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Leo usiku uchungu ukianza, ni nani atakayetupeleka?
2. Nauli iko wapi, na nani aijuaye?
3. Baba asipokuwapo, nani atasema, "Twendeni"?

Nyumba iwezayo kuyajibu maswali haya matatu pasipo kusita imekwisha kumsaidia mama huyo nusu ya safari.