Kuku Amekufa Ghafla: Somo la Kutafuta Chanzo

Katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, tangu Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, nyumba nyingi zina kuku uani. Kuku hao hushinda wakichakura, hulala katika kizimba cha mbao au pembeni mwa jiko, nao ni akiba ya mama wa nyumba: mayai ya mgonjwa, kitoweo cha mgeni, fedha ya daftari na sare. Kwa hiyo kifo cha mtetea mmoja si jambo dogo. Kikitokea ghafla, huzua maneno. Mmoja husema kuku amelishwa sumu na jirani. Mwingine husema ni jicho baya. Wa tatu husema ni upepo tu. Mtoto aliyeyasikia maneno hayo usiku huja nayo shuleni asubuhi.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi namna ya kulitumia tukio la aina hiyo kufundisha somo la Sayansi. Hatukusudii kumfanya mtoto awe daktari wa mifugo. Tunakusudia ajifunze jambo moja lililo la msingi katika sayansi yote: kukitenga alichokiona na anachokidhani, na kutokitaja chanzo kabla ya kukipima kwa ushahidi.

TAHADHARI KABLA YA SOMO

Mzoga wa kuku usiletwe darasani, wala watoto wasiruhusiwe kuupasua. Yapo magonjwa ya kuku yanayoweza kumpata mtu, kama vile yale yaletwayo na bakteria wa salmonela, na mafua makali ya ndege. Hata virusi vya mdondo, ambavyo wengine huviita vya kideri, vyaweza kumfanya mtu awashwe macho na kuwa mekundu kwa siku kadhaa. Aliyemshika kuku mgonjwa au mfu hana budi kunawa kwa sabuni.

Kadhalika, watoto waelezwe waziwazi kwamba kuku aliyekufa mwenyewe ni kibudu, wala haliwi. Na kuku aliyeanza kuugua asiharakishwe kisuni wala sokoni ili hasara ipungue. Kuku mgonjwa auzwapo, ugonjwa husafiri naye ndani ya tenga mpaka mtaa mwingine. Afisa mifugo wa kata apewe habari mapema, kwani huenda akahitaji kuuona mzoga. Kisha uzikwe katika shimo refu, mbali na kisima, mahali ambapo mbwa hawatafukua. Kuutupa jalalani au mtoni ni kuwapelekea wengine msiba.

HATUA YA KWANZA: KUSIMULIA KILICHOONEKANA

Mwalimu agawe ubao sehemu mbili. Upande mmoja aandike TUMEONA, na upande wa pili TWADHANI. Kisha amwulize mtoto aliyefiwa na kuku. Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

Mwalimu: Haya, tueleze.
Mwanafunzi: Kuku wetu amelishwa sumu, Mwalimu.
Mwalimu: Uliiona sumu hiyo, au ulimwona aliyeiweka?
Mwanafunzi: La, Mwalimu. Bibi ndiye aliyesema.
Mwalimu: Vyema. Neno la Bibi tutaliandika upande huu wa TWADHANI, nasi tutalipima kama tutakavyoyapima mengine. Sasa sema ulichokiona wewe. Kuku alikuwa wapi?
Mwanafunzi: Chini ya kichanja cha vyombo. Mabawa yalikuwa yamelegea, na kinyesi chake kilikuwa cha kijani.
Mwalimu: Na jana jioni?
Mwanafunzi: Alikuwa amejikunyata peke yake. Hakula pumba.

Mwalimu mwanafunzi na atazame jinsi neno la Bibi lilivyopokewa. Halikufutwa, wala halikuchekwa, bali limewekwa mahali pake. Mwalimu anayemfedhehesha mzee wa mtoto mbele ya darasa huipoteza nyumba nzima, na mtoto hujifunza kuficha badala ya kusema.

HATUA YA PILI: MASWALI SITA

Baada ya masimulizi, darasa liongozwe kwa maswali yafuatayo.

1. Amekufa mmoja au wengi? Kifo cha kuku mmoja, wenzake wakiwa wazima, chaelekeza kwenye ajali, yai lililokwama, uzee au ugonjwa wake mwenyewe. Kuku wengi wakifa ndani ya siku chache, twashuku maradhi ya kuambukiza, au chakula walichokula pamoja.

2. Je, ni ghafla kweli? Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Kuku huficha udhaifu wake hata nguvu zimwishie. Nyumba inayowafungulia kuku alfajiri na kuwafungia magharibi huiona saa ya mwisho tu, ikaiita ghafla. Katika mfano wetu, mtetea aliyejikunyata na kukataa pumba alikuwa mgonjwa tangu jana yake. Hata hivyo, kuna vifo vya ghafla hasa: kipindupindu cha kuku chaweza kumuua kuku mnene usiku mmoja, bila dalili kuonekana.

3. Mwili wasemaje? Yako majeraha au manyoya yaliyotawanyika, kama aachavyo kicheche au nguchiro? Upanga wa kichwani una rangi gani? Gole limejaa au ni tupu? Mfupa wa kidari ukichomoza kama kisu, kuku amekonda, na kukonda si kazi ya usiku mmoja. Mambo haya mtu mzima nyumbani aweza kuyatazama akiwa amevaa mfuko wa plastiki mkononi, na mtoto akayaandika.

4. Alikula nini, na wapi? Kuku wa mjini hula jalalani, mtaroni na bustanini. Mchicha uliopuliziwa dawa ya wadudu huweza kumdhuru.

5. Ni nini kilichobadilika karibuni? Ameletwa kuku mgeni? Chakula kimebadilishwa? Kizimba kimeezekwa mabati katika joto la Januari hadi Machi? Kuku hatoki jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi, na pasipo hewa wala maji hufa.

6. Amewahi kuchanjwa, na lini?

Swali la tano ndilo wanafunzi hulisahau upesi, nalo lina kisa mashuhuri katika historia ya sayansi. Mwaka 1889, huko Batavia, mji ambao leo ni Jakarta nchini Indonesia, kuku wa maabara ya daktari Mholanzi Christiaan Eijkman walianza kulegea miguu, wakashindwa kusimama, na wengi wakafa. Eijkman alikuwa akichunguza ugonjwa wa beriberi kwa watu, naye alidhani ameona kazi ya vijidudu. Alitafuta vijidudu, asivipate. Kisha kuku waliosalia wakapona bila dawa. Alipouliza kilichobadilika, aligundua kwamba kwa miezi kadhaa kuku walikuwa wamelishwa wali mweupe uliotoka jikoni mwa hospitali ya jeshi, mpaka mpishi mpya alipokataa kuwapa kuku wa raia mchele wa askari. Waliporudishiwa mchele usiokobolewa, walipata nafuu. Kwa njia hiyo ilianza safari ya kuvifahamu vitamini, na mwaka 1929 Eijkman alikuwa mmoja wa watu wawili waliopewa Tuzo ya Nobeli ya tiba. Ugunduzi huo ulianza kwa kuku wa uani na swali ambalo mtoto wa darasa la tano aweza kuliuliza.

HATUA YA TATU: KUZIPIMA DHANA

Sasa darasa lirudi kwenye sehemu ya TWADHANI. Kila dhana iulizwe: ikiwa hii ni kweli, tungetazamia kuona nini? Na je, tumekiona?

Tuanze na sumu. Dawa za wadudu hutenda upesi: kuku hutokwa na mate, hutetemeka na kuanguka katika muda wa saa chache. Sumu nyingi za panya, kwa upande mwingine, huzuia damu isigande, nazo huchukua siku kadhaa. Mtetea wetu hakuonekana akitetemeka, wala hakuna aliyeona chambo. Dhana ya sumu haijafutika, lakini haina shahidi.

Tupime mdondo. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, kisiwani Java na Newcastle nchini Uingereza. Dalili zake ni kuzubaa, kuhema kwa shida, kuharisha kinyesi cha kijani, kulegea mabawa, na kwa baadhi ya kuku shingo kupinda. Katika kundi lisilochanjwa waweza kuua karibu wote. Dalili mbili kati ya hizo tumeziona. Lakini mwalimu asishangilie mapema: homa ya matumbo ya kuku nayo huharisha, na kuku yeyote asiyekula aweza kutoa kinyesi cha kijani. Kwa hiyo darasa litaandika: “Twashuku mdondo. Bado hatujathibitisha.” Ushahidi utakaofuata ni hali ya kuku waliobaki katika siku chache zijazo, na kipimo cha maabara.

Hapa wanafunzi wa Dar es Salaam wana bahati ya kuwa karibu na wataalamu. Temeke, mahali ambapo wakazi hupaita Veterinari, ipo maabara kuu ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Wakala huo hutengeneza chanjo ya mdondo iitwayo TEMEVAC, inayotokana na kirusi dhaifu kijulikanacho kama I-2. Kirusi hicho kilitayarishwa nchini Australia, katika Chuo Kikuu cha Queensland, kwa kazi ya Profesa Peter Spradbrow na wenzake, waliotafuta chanjo inayovumilia joto ili imfikie mfugaji asiye na jokofu. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Watoto waelewe mambo mawili. Kwanza, mdondo hauna dawa ya kuuponya. Chanjo hukinga kuku mzima, wala haimwokoi aliyekwisha kuugua. Pili, kinga haiji siku ile ile, bali huchukua wiki moja hadi mbili kukomaa. Anayeelewa hivi hatasema chanjo imemuua kuku wake, kumbe kuku alikuwa na ugonjwa tayari.

HATUA YA NNE: KUTENDA

Somo la namna hii haliishii ubaoni. Tangu mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, walimu wa nchi hii wamefundishwa kwamba elimu ya darasani haina budi kuifaa kazi ya nyumbani. Darasa na litunge orodha ya mambo ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya juma hilo: kumtenga kuku anayezubaa, kumweka kuku mgeni peke yake kwa wiki mbili kabla ya kumchanganya, kufagia kizimba na kubadili maji, kuwakataza watu kutembea toka kizimba hadi kizimba kwa viatu vile vile, na kumwita afisa mifugo.

Labda chanzo hakitajulikana. Maabara haikufikiwa, mzoga ulikwisha zikwa, na kuku waliobaki ni wazima. Walimu wengi wachanga huona haya kulimaliza somo bila jibu, wakalazimisha moja. Sisi twashauri wasifanye hivyo. “Hatujui, na haya ndiyo yaliyobaki kuulizwa” ni jibu halali la kisayansi, na ni heri kuliko jibu la uongo.

Uzito wake waonekana mtaani. Neno “sumu” likishatamkwa, lina mtu nyuma yake: jirani ambaye kuku humchakulia mchicha, au mama mzee aishiye peke yake. Ugomvi hufika kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, na watoto wa nyumba mbili hukatazwa kucheza pamoja. Huku nyuma, ikiwa kilichoua ni mdondo, kuku wa nyumba zote mbili huendelea kufa. Mtoto akirudi nyumbani akasema kwa adabu, “Bibi, kabla hatujasema ni nani, tuwatazame kwanza hawa waliobaki,” ameiokoa akiba ya mama yake, na huenda ameuokoa ujirani pia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Andaa maswali matano utakayomwuliza mwanafunzi aliyepoteza kuku, usitaje ndani yake sababu yoyote.
2. Mzazi amekuja shuleni kulalamika kwamba umempinga mbele ya mwanawe. Utamjibuje?
3. Chagua tukio jingine la mtaani, kama mpapai kunyauka au maji ya kisima kubadilika harufu. Tayarisha ubao wenye sehemu za TUMEONA na TWADHANI.
4. Kwa nini kuwauza upesi kuku waliobaki ni hasara kwa mtaa mzima?