Andika Kabla ya Kulala: Somo kwa Mkulima Aendaye Ziara

Wewe mkulima wa skimu ya Magarini, huenda siku moja utapata nafasi katika basi la ziara. Laondoka Gongoni alfajiri, lavuka daraja la Sabaki, na kabla ya adhuhuri umekwisha kuona nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi na magofu ya Gedi. Kisha daraja la Kilifi, mashamba ya majaribio ya Mtwapa, na jioni Ngome ya Yesu huko Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ukirudi, watoto wauliza, "Baba, umeona nini?" Nawe huna jibu ila, "Mambo mengi!"

Mimi yalinipata. Katika ziara moja tulionyeshwa minazi na mikorosho siku ile ile. Nyumbani, mke wangu aliponiuliza nafasi ya mikorosho, nilimwambia bila kusita: mita 9. Kumbe hiyo ilikuwa ya minazi. Mikorosho hutaka mita 12. Tukapanda. Miti ilipokua matawi yalisongana, mazao yakapungua, ikabidi tuchukue shoka tukate miti tuliyoilea wenyewe. Mke wangu hajasahau mpaka leo.

Dawa yake ni daftari la shule na kalamu. Mwaka 1902 Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, alikwenda Uingereza kwa sherehe ya kumtawaza Mfalme Edward wa Saba, pamoja na mwandishi wake Ham Mukasa. Mfalme akaugua, sherehe ikaahirishwa kutoka Juni hadi Agosti, na wageni wakazidi kutembezwa. Mambo ya kutazama yalikuwa mengi kupita kiasi, lakini Mukasa aliyaandika, na habari zake zikatolewa kuwa kitabu mwaka 1904.

Wewe huhitaji kuandika kitabu. Ukurasa mmoja watosha, usiku ule ule, kabla ya usingizi kuyachanganya mambo. Chagua jambo moja tu katika yote uliyoyaona. Hapo ndipo wengi hushindwa, maana hutaka kuandika kila kitu, nao huchoka kabla ya kufika Malindi! Jambo hilo liandike kwa vipimo: hatua ngapi, urefu wa mtu au wa mnazi. Chini yake andika kitu cha nyumbani kinachofanana nalo. Mwisho andika swali moja ambalo hukupata jibu lake.

Tazama mfano huu:

"Gedi. Nimeona kisima kirefu kando ya msikiti mkubwa, kimechimbwa katika mwamba. Karibu pana kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, nao ni 1399. Kisima chetu kimechimbwa mchangani, na kila masika hubomoka. Swali: je, mawe ya matumbawe yatazuia mchanga usiporomoke?"

Mistari michache tu, lakini mtu huyu anayo kazi ya kumpa Bwana Shamba atakapopita. Yale mengine hayakupotea. Utashangaa jinsi jambo moja likiisha kuandikwa huyavuta mengine, moja moja, kwa utaratibu, hata siku ya tatu ukakumbuka yaliyosemwa Mtwapa juu ya miche.

Kama hujui kuandika, keti na mtoto asomaye shule, umwambie aandike. Kisha akusomee, nawe umsahihishe hesabu za hatua.