Umri wa Motakaa na Mashahidi Wake

Mfugaji akitaka kujua umri wa ng'ombe humshika pua, akamfungua kinywa na kutazama meno yake. Na ng'ombe akipotea, mwenyewe humtambua kwa alama ya sikio au kwa chapa ya moto iliyo pajani. Hadanganywi na rangi ya ngozi, maana ng'ombe wekundu ni wengi. Motakaa nayo ina meno yake na chapa yake. Asiyejua kuyatazama hulinunua gari kwa kusadiki maneno ya mwuzaji, na maneno ya mwuzaji hayakosi utamu.

Kutoka mji wa Arusha barabara yaelekea magharibi mpaka Makuyuni, kisha Mto wa Mbu, Ngorongoro na Serengeti. Kwa miaka mingi gari lililojulikana sana katika njia zile za vumbi na matope lilikuwa Land Rover, ambalo watu wengi huliita Landrova tu. Mwezi wa Oktoba 2024 magari ya namna hiyo yalikusanyika Arusha kwa mamia, mapya kwa makuukuu, wenyewe wakitaka kuvunja rekodi ya dunia. Katika kusanyiko kama lile kila mtu husema gari lake ni la kale kupita la jirani. Nani asemaye kweli?

Swali hili si la majivuno tu. Tuseme mzee wa Elerai amefariki, akawaachia watoto wake gari lililolala miaka mingi chini ya mparachichi, magurudumu hayana pumzi, kuku wametaga juu ya kiti. Anakuja mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake, ataka kulipima kwa kilo. Siku ya pili anakuja mwingine, asema yuko tayari kutoa fedha nyingi zaidi, ila ataka kwanza kujua ni la mwaka gani, na kama ni gari moja au ni magari matatu yaliyounganishwa. Watoto wale wasipoweza kumjibu, watauza urithi wao kwa bei ya sufuria. Au labda watamwuzia mtu kitu kisicho kweli pasipo kujua, na baadaye waitwe waongo.

Gari la Land Rover lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948. Aliyelibuni ni Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, na kiwanda kilikuwa Solihull, karibu na mji wa Birmingham. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha si zamani, na chuma kilikuwa haba, chagawiwa kwa kipimo. Kwa sababu hiyo mwili wa gari ulifanywa kwa alumini iliyochanganywa na madini mengine, na mifupa yake ikafanywa kwa chuma. Mifupa hiyo ndiyo mafundi waiitayo chesisi.

Jambo hili ni la maana sana kwa mtu achunguzaye. Alumini hailiwi na kutu kama chuma, na vipande vya mwili wa Land Rover vimefungwa kwa bolti na nati. Fundi mwenye spana na mchana mmoja aweza kuondoa mlango wa gari la 1972 akautia katika gari la 1960, na gari likaenda zake. Basi kukisia umri wa Land Rover kwa kutazama milango na boneti ni kama kukisia umri wa mtu kwa kutazama kanzu yake.

Hata hivyo kanzu nayo ina habari zake, na mchunguzi huanza nayo. Magari ya kwanza yalikuwa mafupi: kutoka kati ya gurudumu la mbele mpaka kati ya gurudumu la nyuma palikuwa inchi 80. Baadaye kipimo hicho kikawa inchi 86, kisha 88. Na lile refu lilianza na inchi 107, likaishia 109. Mwaka 1958 ilitoka Series II, yaani aina ya pili, ambayo ubavu wake umevimba kidogo chini ya madirisha, wala haukunyooka kama ukuta. Taa kubwa za mbele zilikaa karibu karibu katikati, kila upande wa rejeta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zikahamishiwa kwenye mabawa ya mbele. Mwaka 1971 ikaja Series III yenye wavu wa plastiki mbele, na saa zake za kupimia zimewekwa mbele ya macho ya dereva, si katikati tena. Mtu mwenye utepe wa kupimia na macho mazuri aweza kujua mengi kabla hajainama chini ya gari.

Lakini yampasa kuinama. Namba ya chesisi huandikwa mahali pawili. Kwanza imo katika kibati kilichofungwa ndani, mbele ya abiria au karibu na dereva. Pili imepigwa kwa chapa ya chuma katika chesisi yenyewe. Na katika Series II na zile zilizofuata, mahali pake ni upande wa kulia mbele kabisa, penye kishikio cha springi. Mara nyingi mahali hapo pamefunikwa na matope yaliyochanganyika na mafuta, pengine na rangi tabaka tatu au nne. Lisafishwe kwa mafuta ya taa na burashi. Asitumie mtu msasa mkali wala patasi, kwa maana tarakimu hizo si za kina kirefu, na akizikwaruza amemwua shahidi wake kwa mkono wake mwenyewe. Zisiposomeka, na aweke karatasi nyembamba juu yake, asugue polepole kwa ubavu wa penseli. Tarakimu zitatokea katika karatasi kama sura ya shilingi inavyotokea.

Sasa namba yasemaje? Kwa magari ya 1951 mpaka 1955 ilitosha kutazama tarakimu ya kwanza: 1 ni mwaka 1951, 3 ni mwaka 1953, na kadhalika. Tangu 1956 mpaka 1961 mpango uligeuka. Tarakimu tatu za kwanza zikawa jina la aina ya gari, na ya nne ndiyo ikawa mwaka. Chukua mfano wa namba 142900473. Hiyo 142 maana yake ni gari fupi la Series II, la petroli, usukani kulia, lililofanywa kwa ajili ya nchi za nje. Hiyo 9 ni mwaka 1959. Zinazobaki, 00473, zaonyesha zamu yake kati ya wenzake wa aina ile katika mwaka ule. Lingekuwa la kuuzwa Uingereza kwenyewe, namba ingalianza na 141. Kwa hiyo mtu akiona 141 katika gari la Arusha ana haki ya kuuliza lilifikaje huku. Labda mwenyewe wa kwanza alilinunua kwao akaja nalo melini.

Lakini kumbuka ya kuwa kiwanda hakikuungoja mwezi wa Januari ili kianze mwaka wake. Kiliuanza mapema, yapata Septemba au Oktoba ya mwaka uliotangulia. Gari lenye namba ya 1959 laweza kuwa lilitoka kiwandani kabla ya Noeli ya 1958.

Mwishoni mwa 1961 ilitoka Series IIA, na mpango ukageuka tena. Tarakimu ya mwaka ikaachwa kabisa. Badala yake ikawekwa herufi mwishoni, kama 24200310A. Hapa wengi hujikwaa. Hudhani A ni mwaka wa kwanza, B mwaka wa pili, na hivi hivi mpaka H. Sivyo. Herufi iligeuzwa kila kiwanda kilipobadili jambo ambalo fundi hana budi kulijua akitaka kulitengeneza gari. Pengine ilikaa miaka, pengine haikukaa.

Faida ya elimu hii yaonekana katika mfano mmoja wa Meru. Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961 Wamarekani walikuja Tanganyika kupiga picha ya sinema iitwayo Hatari!, na sehemu yake ilipigwa Momella, mashariki ya Mlima Meru. Ilianza kuonyeshwa 1962. Basi tuseme mtu ana Land Rover ya kale, naye ataka bei kubwa kwa kuwa, asema, gari lake lilikuwamo katika picha ile. Ameyasikia kwa babu yake, naye babu hakuwa mwongo. Mnunuzi hana haja ya kubishana na babu. Na ainame asome namba. Akikuta tarakimu nane na herufi A mwishoni, maneno yamekwisha: siku zile wapiga picha walipokuwa Momella, gari lile lilikuwa halijazaliwa. Lakini akikuta namba ya 1959 hajapata bado ushahidi kwamba lilikuwamo. Amepata tu kwamba lingaliweza kuwamo. Mambo haya mawili hayafanani, na wauzaji wengi hupenda kuyachanganya.

Namba peke yake haitoshi, kwa sababu namba yaweza kuibwa. Kibati chafunguliwa katika gari lililokufa na kufungwa katika gari jingine kwa dakika chache. Kwa hiyo mchunguzi hulinganisha kibati na chesisi. Zisipopatana, gari lina neno la kueleza. Hutazama pia kama misumari ya kibati ni ya kale au inang'aa, kama tarakimu zote zimepigwa kwa chapa za namna moja na kwa mstari ulionyooka, na kama karibu yake pana mshono wa kuchomelea. Wako waliokata kipande chenye namba kutoka chesisi ya gari la kale, wakakichomelea katika gari jipya zaidi. Kazi hiyo ni sawa na kughushi saini ya mtu, na mara nyingine iliyofichwa hapo ni habari ya wizi.

Injini ina namba yake pia, imepigwa upande wa kushoto, karibu na bomba la kutolea moshi. Injini huchakaa, na magari mengi ya safari yamekwisha kubadiliwa injini mara mbili tatu. Mengine yametiwa za Toyota au Isuzu. Hilo si aibu. Gari lililofanya kazi miaka 60 bila kubadilishwa kitu ni nadra, na pengine ni gari lisilofanya kazi. Aibu ni kuficha.

Kisha wako mashahidi wadogo, nao ndio watamu kuliko wote, kwa kuwa wadanganyaji huwasahau. Dainamo, stata na taa za kampuni ya Lucas zilipigwa chapa ya tarehe, mara nyingi mwezi na mwaka. Kioo cha Triplex kina nukta ndogo penye herufi za maandishi yake. Nukta hizo zaonyesha mwaka na robo ya mwaka kioo kilipofanywa. Gari lisemwalo ni la 1959, likiwa na dainamo na vioo vya mwishoni mwa 1958, lina mashahidi watatu wasiojuana wanaosema neno moja. Likiwa na kioo cha 1967, yaonyesha labda jiwe lilikivunja kile cha kwanza. Likiwa na kila kitu cha 1967 ila kile kibati, basi mnunuzi na arudishe fedha zake mfukoni. Rangi nayo hukwaruzwa kidogo mahali palipofichika, chini ya sanduku la viti au nyuma ya ubao wa saa, ili ionekane ile ya kwanza chini ya zote.

Mwisho kuna madaftari. Kampuni ya Rover iliandika kila gari lilipokwisha, na habari hizo zatunzwa katika Jumba la Makumbusho ya Magari la Uingereza, huko Gaydon. Mwenye gari hupeleka namba yake na ada, naye huletewa hati yenye siku lilipofanywa, mahali lilipopelekwa, rangi yake ya kwanza na namba ya injini iliyotiwa kwanza. Hati hii ni njema, lakini yathibitisha jambo moja tu: kwamba gari la namba ile liliwahi kuwako. Haithibitishi ya kuwa ndilo hili lililo chini ya mparachichi. Kwa hiyo mwenye hati mkononi hulinganisha tena, injini kwa injini, rangi kwa rangi.

Jambo moja limebaki, la magari yenye tarakimu tatu za kwanza kama 243, au 903 katika Series III. Hayo hayakuunganishwa Solihull. Yalisafirishwa vipande vipande ndani ya masanduku, yakaunganishwa katika nchi nyingine. Kwa mfano Thika, Kenya, kiwanda cha Leyland kiliunganisha Land Rover tangu miaka ya 1970. Gari la namna hiyo si la uongo, bali siku yake ya kuzaliwa ni ngumu kidogo kutaja, maana masanduku yaweza kungoja.

Mwalimu na aandike ubaoni namba hizi za mfano: 142000215, 152800061, 24300908C. Wanafunzi waseme kwa kila moja kama mwaka wake wajulikana kwa namba tu, ni upi, na gari lilifanywa kwa ajili ya wapi. Ile ya mwisho na waulizwe zaidi: ni kitu gani katika gari lenyewe kitakachowasaidia kuukaribia mwaka wake, ikiwa namba haiutaji?