Laki tatu, watoto wawili na safari ya Tukuyu

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kike ana miaka minne na wa kiume miezi tisa. Tunaishi Dar es Salaam. Mwaka huu tumejaliwa kununua gari dogo lililotumika kutoka Japani, na Krismasi tunakwenda kwa wakwe zangu Tukuyu, mara ya kwanza kwa usafiri wetu wenyewe. Mdogo wangu atafuatana nasi. Tumetenga laki tatu kwa ajili ya vifaa vya watoto. Mume wangu anataka tununue keria ya juu ya gari na tableti ya katuni ili watoto watulie. Mimi nataka kiti cha gari cha mtoto. Anasema hayo ni mambo ya Wazungu, kwamba sote tulipakatwa na mama zetu na tukafika salama. Anataka mimi nimpakate mdogo nyuma, na mkubwa apakatwe na mama yake mdogo mbele. Binti yangu hutapika sana garini, na jirani ameniambia nimpe dawa ya mafua ili alale. Sitaki ugomvi, lakini moyo haujatulia. Nifanyeje?
Mama Wawili, Dar es Salaam

JIBU: Mwanangu, hongereni kwa gari. Moyo wako una kila sababu ya kutotulia. Hiyo laki tatu yote ni ya viti: kwanza cha mtoto mchanga, kisha cha dada yake. Keria na tableti zisubiri.

Mume wako mweleze kwa upole, jioni akiwa ametulia. Mtoto wa miezi tisa ana kilo tisa hivi. Gari likigonga kitu likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, mwendo ule ule wa kukatiza vijijini, kilo hizo tisa huchomoka mikononi mwako kwa nguvu iliyozidishwa mara ishirini na zaidi. Ni kama kudaka zaidi ya mifuko mitatu ya saruji kwa mpigo mmoja. Hakuna mama anayeweza, hata ampende mwanawe namna gani. Shirika la Afya Duniani linasema viti hivi hupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya magari kwa asilimia 71. Mama zetu walitupakata kwa sababu hawakuwa na kingine. Wangekuwa nacho wangekitumia.

Binti yenu asikae mbele kabisa, kwenye mapaja ya mtu yeyote. Ule mfuko wa hewa uliomo kwenye dashibodi hufumuka kufumba na kufumbua, na umepimwa kwa kifua cha mtu mzima. Kwa sababu hiyo hiyo, kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele. Mdogo wako naye afunge mkanda popote atakapokaa, maana mtu mzima asiyefunga mkanda nyuma huwarukia watoto gari linapogonga.

Huyu wa miezi tisa anahitaji kiti kinachotazama nyuma. Kichwa chake bado ni kizito kuliko shingo inavyoweza kustahimili, na akitazama nyuma mgongo wote wa kiti hupokea kishindo badala ya shingo. Kanuni mpya ya Umoja wa Mataifa ya viti hivi inataka mtoto atazame nyuma walau hadi atimize miezi 15. Wa miaka minne atatazama mbele, kwenye kiti chenye mikanda yake mwenyewe au, kama ameshafika kilo 15, kile cha kumwinua ambacho wauzaji hukiita busta. Mchagulie chenye mgongo, kwa sababu safarini atalala, na busta isiyo na mgongo humwacha aelemee mlango na mkanda uhamie shingoni.

Fedha ikipungua, mtumba unafaa kwa masharti. Kigeuze kiti juu chini. Tafuta lebo, aghalabu ya rangi ya chungwa, yenye herufi E ndani ya duara na uzito au urefu wa mtoto kinayemfaa. Papasa plastiki yote kutafuta ufa, vuta kila mkanda, funga na ufungue kifungo mara kadhaa. Muuzaji asiyeweza kukwambia kama kiti kiliwahi kuwa kwenye ajali, mwache na kiti chake. Kisha rudi nyumbani ukajaribu garini. Pitisha vidole kwenye mwanya kati ya mgongo na kikalio cha kiti cha nyuma. Ukikuta vyuma viwili vidogo vilivyopinda, gari lenu lina ndoano za kufungia viti vya watoto. Usipovikuta, viti vingi hufungwa kwa mkanda wa gari. Kikishafungwa, kikamate sehemu ulipopita mkanda ukitikise. Kisisogee zaidi ya upana wa vidole viwili. Mikanda ya mtoto mwenyewe iwe imekaza hadi ushindwe kuikunja kwa vidole begani.

Hapo kuna jambo ambalo wasafiri wa Nyanda za Juu hulikosea. Makambako kuna baridi, na kina mama huwavika watoto masweta mazito kabla ya kuwafunga. Sweta hubonyea wakati wa kishindo, mkanda ukabaki umelegea. Mfunge na nguo nyepesi, kisha mfunike kwa blanketi juu ya mikanda.

Hiyo dawa ya jirani, tafadhali, hapana. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi si za kumlaza mtoto safarini. Iliyomo katika baadhi ya dawa za kichefuchefu cha gari, promethazine, haipewi kabisa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa inaweza kumzuia kupumua. Kwa huyu mkubwa, ongea na daktari kabla ya safari. Mara nyingi kinachomtapisha ni macho kutazama kitu kilichotulia huku masikio yakihisi gari linayumba. Tableti ya baba yake ingeongeza tatizo hilo. Mkalishe pale anapoona barabara mbele, mfungulie dirisha kidogo, msimuliane hadithi, mhesabu malori. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo mnunulie kopo lake, lile la siagi la kilo moja lenye kifuniko cha kubana. Litie tishu kavu kidogo ndani, likae miguuni pake, na kifuniko kifungwe mara tu akimaliza. Nguo za kubadili ziwe kwenye mfuko mdogo ulio karibu nawe, zisiwe chini ya mabegi yote.

Kutoka Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, nusu ya safari na zaidi kidogo. Laleni Iringa. Msimame kila baada ya saa mbili, mdogo atolewe kwenye kiti ajinyooshe na anyonye. Haja zote zimalizwe kabla ya kuingia hifadhi ya Mikumi, maana barabara hukatiza humo kilomita kama 50 na si mahali pa kumshusha mtoto akakojoe. Simameni tena Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda mlima Kitonga, mumpe binti mlo mdogo: kipande cha ndizi au mkate mkavu, si chipsi. Karanga usimpe garini. Mkisimama, watoto washuke na mtu mzima. Gari lililozimwa juani hupanda joto nyuzi kumi hivi ndani ya dakika kumi, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo.

Vingine vipo nyumbani: poti, dumu la maji, chupa ya chai kwa uji, khanga ya kuzibia jua dirishani, chumvi ya kuchanganya na maji mtoto akiharisha, paracetamol ya maji, chandarua. Mtungi wa kuzimia moto na pembetatu ambavyo trafiki huviulizia vifungwe imara, maana mtungi unaobiringika hadi chini ya pedali ni hatari kama breki mbovu. Vitunguu mtakavyonunua njiani viende buti.

Vifungeni viti wiki mbili kabla, watoto wavizoee kwa safari za sokoni na kanisani. Mkifika Tukuyu, wenyeji kwa upendo wao watataka mvitoe ili shangazi na binamu wapate nafasi ya kwenda misa ya Krismasi. Hapo ndipo baba watoto atakapotakiwa kusema na ndugu zake, si wewe mkwe. Kubalianeni hilo mkiwa bado Dar: viti vinabaki, na gari litarudi kuwachukua waliosalia.